Barua Imefika, Herufi Zimevurugika

Supa Mshauri,

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama watunga ushanga hapa Noonkopir. Kwa miaka tumekuwa tukinunua ushanga Nairobi kwa bei ya wachuuzi. Mwaka huu tukaamua kuagiza wenyewe kutoka Jamhuri ya Cheki ili faida ibaki kwetu. Barua pepe zote zinapitia kwangu, kwa kuwa ndimi mwenye simu nzuri na niliyemaliza kidato cha nne. Sasa nimekwama mara tatu kwa mpigo.

Muuzaji wa Cheki alinitumia bili. Juu kuna Kiingereza, chini kuna Kicheki kilichoharibika. Mstari mmoja unasema "Dìkujeme za objednávku", mwingine "èíslo úètu" halafu namba ndefu. Huo wa pili niliutia kwenye programu ya kutafsiri, ikanirudishia maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Pesa ni za wenzangu na sitaki kuzituma gizani.

Kisha kuna muuzaji wa ndoana na vifungo vya mikufu, yuko Yiwu, China. Nilimwomba kijana wa saiba, hapa karibu na steji, anitolee barua yake aniwekee kwenye flashi. Nilipoifungua nyumbani nikakuta alama za kuuliza mwanzo hadi mwisho, isipokuwa bei na idadi. Pale juu penye mada pameandikwa =?GB2312?B?xOO6ww==?=. Kijana anasema ni virusi, nimpe shilingi elfu moja asafishe akaunti yangu.

La mwisho, mteja wetu wa Ujerumani analalamika kuwa barua zangu zinamfikia na uchafu. Nikiandika group's yeye anaona group’s. Na kwenye lebo alizochapisha za mikufu, jina la mwenzetu Mũthoni limetokea MÅ©thoni. Mwenyewe alipoonyeshwa picha alicheka, lakini hakufurahi.

Je, kweli ni virusi? Na nifanyeje?

Katibu, Noonkopir


Ipa, Dada Katibu. Hiyo elfu moja usiitoe. Hakuna kirusi hata kimoja katika barua zako. Virusi hupenda kukaa kimya, havijitangazi kwa alama za kuuliza. Una shida tatu ambazo kwa macho ni kama moja, lakini kila moja imezaliwa mahali pake. Moja ilizaliwa kwenye kompyuta ya muuzaji wa Cheki, nyingine huenda ilizaliwa hapo hapo saiba, na ya tatu mnachangia wewe na Mjerumani.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Unapoandika "a" inahifadhi 97, na anayepokea anaiangalia 97 kwenye jedwali lake ili aone ni herufi gani. Wewe unazijua kadi za rangi za ushanga: kila pakiti ina namba, na namba hiyo ina maana ukiwa na kadi ya kiwanda kile kile. Mpe mama mwingine mpangilio wa namba zako, halafu umwachie kadi ya kiwanda tofauti. Atakutungia mkufu kamili, asiruke tundu hata moja, ila penye wekundu pametokea kijani. Hakuna ushanga uliopotea. Kilichokosewa ni kadi.

Jedwali la kwanza kuenea, ASCII, liliwekwa Marekani mwaka 1963 nalo lina nafasi 128 tu. Humo mna herufi za Kiingereza, tarakimu, na alama chache. Sisi waandishi wa Kiswahili tulibahatika bila kupanga: tahajia yetu sanifu, ile iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, haina herufi yenye kofia wala mkia. Ndiyo maana barua ya Kiswahili hupita karibu kila mtambo bila mkwaruzo. Wacheki, Warusi, Waarabu na Wachina hawakuwa na bahati hiyo, na hata jirani zako wanaoandika Kikuyu au Kimaa kwa tahajia kamili hawakuwa nayo.

Kwa hiyo kila eneo lilitengeneza nyongeza yake, kutoka namba 128 hadi 255, kila mmoja akiweka herufi za kwao. Chukua namba 236. Katika jedwali la Windows la Ulaya ya Mashariki, namba hiyo ni ě. Katika lile la Ulaya Magharibi ni ì. Katika la Kirusi ni м, katika la Kigiriki ni μ, na katika la Kiarabu ni ى. Namba moja, nyuso tano. Wachina, wenye maelfu ya herufi, walihitaji kutumia namba mbili mbili kwa kila herufi. Jedwali lao la GB2312 ni la mwaka 1980. Dawa ya fujo hii ilipatikana: jedwali moja la dunia nzima, Unicode, lililoanza kutolewa mwaka 1991, na namna ya kuliandika inayoitwa UTF-8, iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Leo karibu kila kitu kipya kinatumia UTF-8. Lakini mifumo ya zamani ya maduka na ofisi bado iko kazini, na pale ya zamani inapokutana na mpya ndipo herufi huvurugika.

Sasa tushike ya China, kwa sababu kuna mtu anakudai.

Alama za kuuliza tupu ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa maana hapo herufi hazikusomwa vibaya, zimefutwa. Programu fulani iliambiwa ihifadhi Kichina katika jedwali lisilo na Kichina. Ikafika kwenye herufi isiyo na mahali pa kuiweka, ikaandika "?" na kuendelea mbele. Tarakimu zilinusurika kwa sababu zimo katika zile nafasi 128 za mwanzo, ambazo karibu kila jedwali limezirithi. Ndiyo maana bei na idadi umezisoma vizuri.

Nani alizifuta? Nadhani najua. Kijana alinakili maneno ya barua, akayabandika Notepad, akabonyeza kuhifadhi. Kwenye kompyuta za zamani, na saiba nyingi bado zina Windows ya zamani, Notepad huhifadhi kwa jedwali inaloliita ANSI isipokuwa uibadilishie mwenyewe. Hutoa onyo kwamba baadhi ya herufi zitapotea. Mwenye haraka hubonyeza OK bila kusoma, na foleni ya watu wanaotaka kujaza fomu za kodi za KRA ikiwa nyuma yake, nani atamlaumu sana? Ila asikutoze kwa hilo.

Kwa hiyo achana na flashi. Barua ya asili bado imo kwenye sanduku lako la barua pepe, kijana alichukua nakala tu. Ifungue kwenye simu yako. Ukiona Kichina kamili, mambo yamekwisha: nakili kutoka hapo na uingize kwenye programu ya kutafsiri. Kama utataka kuihifadhi kwenye kompyuta, mwambie anayekusaidia achague UTF-8 kabla ya kubonyeza kuhifadhi; kisehemu hicho kiko chini kabisa ya dirisha, kimeandikwa "Encoding".

Ukifungua kwenye simu ukakuta kitu kama ÄãºÃ, usikate tamaa. Hicho ni Kichina kilichosomwa kwa jedwali la Ulaya Magharibi, na kinarudishika. Lakini ukikuta hata kwenye simu ni alama za kuuliza, basi zilifutwa kabla ya kukufikia. Mwandikie muuzaji atume upya, aweke UTF-8, na orodha ya bidhaa aiambatishe kama PDF. Zipo tovuti zinazojigamba kurudisha alama za kuuliza kuwa herufi. Zipite. Alama ya kuuliza haibebi kumbukumbu yoyote ya herufi iliyokuwa pale.

Na ile mada ya kutisha? Hiyo ni bahasha tu ambayo programu ilishindwa kuifungua. Barua pepe za mwanzo zilijua kubeba zile herufi 128 peke yake, na mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed wakatoa utaratibu uitwao MIME wa kuzifunga herufi nyingine ndani ya zile za kawaida ili zipite. Isome hivi: baada ya =? linafuata jina la jedwali, kwako ni GB2312. Kisha B, namna ilivyofungwa, inayoitwa base64. Kisha mzigo wenyewe, xOO6ww==, na ?= ya kufungia. Nimekufungulia. Mle ndani mna 你好, yaani "hujambo". Kijana wa saiba anataka elfu moja kusafisha salamu.

Ukiwahi kuona mwili mzima wa barua ni ukuta wa herufi za aina hiyo bila nafasi, au umejaa alama ya sawasawa ikifuatwa na herufi mbili, kama =E4=BD=A0, ni kisa kile kile. Kila kitu kimo, hakijafunguliwa tu. Ifungulie barua hiyo kwenye programu nyingine, na mara nyingi itafunguka yenyewe.

Tuje kwenye Kicheki, hapa ndipo penye pesa za watu.

Biashara yenyewe si ngeni. Ushanga wa kioo kutoka Ulaya ulipandishwa bara na misafara ya pwani tangu karne ya 19, na eneo la Jablonec nad Nisou, kaskazini mwa Cheki, bado linautengeneza hadi leo. Kigeni ni kuwa wewe unaongea nao moja kwa moja, na mfumo wa duka la muuzaji wako, kwa ninavyouona, ni wa siku nyingi. Unaandika kwa jedwali la Ulaya ya Mashariki, Windows-1250, kisha unasahau kulitaja jedwali hilo kwenye barua au unalitaja kimakosa. Simu yako haikuambiwa kitu, ikakisia Ulaya Magharibi. Namba 236 iliyotumwa kama ě ikatua kama ì.

Uzuri wa kosa la namna hii ni kwamba karibu kila herufi iliyoharibika imebadilika kuwa nyingine moja tu, na hizo zilizoingia mahali pasipo pake hazitumiki katika Kicheki. Kwa hiyo unaweza kusafisha kwa mkono. Penye ì weka ě. Penye è weka č. Penye ø weka ř, penye ù weka ů, penye ï weka ď, na penye ò weka ň. Herufi kubwa zinafuata njia hiyo hiyo, È ni Č na Ø ni Ř. Nyingine kama á, í, š na ž zimekaa nafasi moja katika majedwali yote mawili, na ndiyo sababu neno "objednávku" lilikufikia salama ilhali jirani yake limeumia. Ukitumia Word, amri ya kutafuta na kubadilisha itakufanyia barua nzima kwa dakika chache.

Jaribu kwenye mistari uliyonitumia. "Dìkujeme za objednávku" inakuwa "Děkujeme za objednávku": tunashukuru kwa oda yako. "èíslo úètu" inakuwa "číslo účtu": namba ya akaunti. Programu ya kutafsiri ilishindwa kwa kuwa uliipa maneno yasiyokuwepo katika lugha yoyote. Shika mpangilio huo: safisha kwanza, tafsiri baadaye. Ukitafsiri uchafu, wakati mwingine programu hukisia na kukupa sentensi nzuri inayosema jambo lingine kabisa, na hiyo ni hatari kuliko kukosa jibu.

Kwa barua ndefu iko njia nyingine. Ukiwa kwenye kompyuta, fungua Gmail, bonyeza vidoti vitatu pembeni mwa barua, chagua "Show original". Utaona barua katika sura yake ghafi. Tafuta mstari unaoanza na Content-Type na uangalie mbele ya neno charset: hilo ndilo jedwali ambalo muuzaji anadai ametumia. Kama limetajwa iso-8859-1 au halikutajwa kabisa, na barua ni ya Kicheki, umemkamata. Pakua barua hiyo ya asili, uifungue kwa programu ya bure ya Thunderbird, na kwenye menyu ya kutazama ubonyeze "Repair Text Encoding". Programu itachunguza herufi na kujaribu jedwali linalofaa.

Nakusihi lakini usiingize bili yenye akaunti ya benki kwenye tovuti usiyoijua kwa sababu tu inasema inasafisha herufi. Hujui nani anasoma upande wa pili.

Namba ya akaunti yenyewe haikuvurugika, kwa sababu niliyokueleza ya tarakimu. Hata hivyo kuna njia ya kuipima. Akaunti ya Cheki kwa malipo ya kimataifa huandikwa kwa mtindo wa IBAN: inaanza na CZ, na jumla yake ni herufi na tarakimu 24. Zile tarakimu mbili zinazofuata CZ ni za ukaguzi, zimekokotolewa kutokana na zilizobaki, hivyo ukikosea tarakimu moja benki itagundua namba haikubaliki. Kama kwenye bili umepewa namba fupi, ikifuatiwa na mkwaju na tarakimu nne, hiyo ni ya matumizi ya ndani ya Cheki. Tarakimu nne za mwisho ndizo msimbo wa benki. Mwombe IBAN pamoja na msimbo wa SWIFT wa benki yake.

Unapojaza fomu ya kutuma pesa, usihangaike na vifuniko vya herufi. Ujumbe wa kawaida wa SWIFT kati ya benki unabeba herufi za Kiingereza, tarakimu na alama chache tu. Penye č andika c, penye ě andika e. Wao wamezoea. Usithubutu kunakili è au ì ukabandika kwenye fomu, kwa maana jina litakuwa la mtu mwingine na malipo yanaweza kurudishwa, na gharama ya kurudishwa unaijua anayeibeba.

Halafu mpigie simu muuzaji kabla hujatuma. Tumia namba ya simu uliyokuwa nayo tangu mwanzo, usitumie iliyoandikwa kwenye barua hii. Mweleze kuwa bili imefika na herufi zimeharibika, umwombe akusomee akaunti polepole. Herufi kuvurugika peke yake si dalili ya utapeli. Ukiona herufi zimevurugika na akaunti imebadilika ukilinganisha na ile ya awali na unaambiwa ulipe leo leo, hapo simama. Wezi wa barua pepe huingilia mazungumzo ya wafanyabiashara wakati wa malipo hasa, na wengine husajili anwani inayofanana na ya muuzaji kwa kutumia herufi ya Kirusi "а", ambayo kwa macho huwezi kuitofautisha na "a" yetu. Usibonyeze tu kujibu. Andika mwenyewe anwani unayoijua.

Tukirudi kwenye dalili za herufi, vile visanduku vitupu ambavyo wenzako pengine wamekutana navyo kwenye simu za zamani havina makuu. Herufi ni sahihi, ila simu haina fonti ya kuzichora. Tuma kwenye simu mpya zaidi, zitaonekana. Kile kialmasi cheusi chenye alama ya kuuliza ndani, �, ni jambo jingine: programu imekutana na namba isiyoielewa. Angalia barua ya asili kabla hujamlaumu mtu, kwa kuwa mara nyingi namba zenyewe bado zimo.

Imebaki Ujerumani. Hapa na wewe una mkono wako.

Ukiandika barua kwenye Word kisha ukaibandika kwenye barua pepe, Word inakuwa imeshabadilisha kile kiapostrofi chako kilichonyooka kuwa kilichopinda, kwa nia ya kukupendezesha. Kilichonyooka ni namba 39, mwenyeji wa ASCII tangu zamani, hakipati taabu popote. Kilichopinda hakimo humo. Katika UTF-8 kinaandikwa kwa namba tatu: 226, 128 na 153. Mtambo wa Mjerumani ukisoma namba hizo moja moja kwa jedwali la Ulaya Magharibi unapata â, €, na ™. Ndizo hizo hizo anazokulalamikia, kwa mfuatano huo huo. Na usidhani ni shida ya Kiingereza pekee. Jaribu kumwandikia "ng’ombe" kutoka kwenye Word, atapokea ng’ombe. Kiswahili kilichobahatika kina mlango mmoja ulio wazi, na mlango huo ni ng'.

Kwa upande wako dawa ni nyepesi. Andika barua moja kwa moja ndani ya Gmail badala ya kupitia Word. Kama lazima Word, ingia kwenye mipangilio ya AutoCorrect, sehemu ya "AutoFormat As You Type", uondoe tiki kwenye mstari unaotaja "smart quotes". Kwenye iPhone kitu hicho kiko katika mipangilio ya kibodi, kinaitwa "Smart Punctuation".

Hapo pia utaokoa pesa mahali usipopatarajia. Kama kikundi kinatuma SMS za mkutano kwa wanachama wote, ujumbe mmoja wa herufi za kawaida unabeba herufi 160. Ukichomekwa kiapostrofi kimoja kilichopinda, ujumbe mzima unahamia jedwali lingine na nafasi zinashuka hadi 70. Tangazo lililokuwa SMS moja linakuwa mbili au tatu, na unalipia zote.

Lakini hayo ni ya upande wako, na mimi siamini kwamba kosa zima ni lako. Jipime: jitumie barua yenye kiapostrofi kilichopinda na jina Mũthoni, na umtumie pia rafiki anayetumia kampuni nyingine ya barua pepe. Kama nyote mnaona sawa, uchafu unazaliwa Ujerumani, labda kwenye mfumo wake wa kupokea oda. Mwulize kitu kimoja tu: je, kwenye mfumo huo ü za Kijerumani nazo hutokea ü? Mjerumani yeyote aliyekaa ofisini atalitambua balaa hilo papo hapo, na atajua fundi wake wa kompyuta anatakiwa kuangalia nini. Mwombe pia asikurudishie barua iliyochafuka akiwa ameijibu juu yake, kwa sababu kila mzunguko unaweza kuongeza tabaka. Kiapostrofi kikivurugwa mara mbili kinakuwa ’, na kukisafisha hapo ni kazi ya kufukua.

Sasa lebo. Katika viapostrofi nimekushauri urahisishe, lakini kwa majina ya watu sikushauri hivyo. Wako watakaokuambia uandike Muthoni bila kofia ili mambo yaishe. Kama mwenyewe huandika hivyo, sawa. Kama huandika Mũthoni, basi liandikwe Mũthoni, kwa kuwa mkufu ni kazi ya mikono yake na hiyo ndiyo saini yake. Hali ni hiyo hiyo kwa majina ya mitindo yenu ya Kimaa, mkiyaandika kwa tahajia ya wanaisimu. Katika mtambo kama wa Mjerumani, ũ inageuka Å©, ĩ inageuka Ä©, ɛ inageuka É›, na ɨ inageuka ɨ. Mpe mteja wako orodha hiyo fupi. Akiona alama hizo kabla ya kuchapisha atajua kuna jina limeumizwa.

Na kwa lebo usimtumie maneno ndani ya barua pepe wala kwenye faili la CSV, ile orodha ya maneno matupu yaliyotenganishwa kwa koma. CSV ndiyo mhalifu ninayemshuku zaidi: ukilibofya mara mbili, Excel huweza kulisoma kwa jedwali la zamani bila kukuuliza, na anayechapisha lebo nyingi kwa mara moja karibu kila mara hutumia CSV. Akishikilia kwamba anaitaka hiyo, aifungue kupitia menyu ya Data, chaguo la "From Text/CSV", na pale juu achague "65001: Unicode (UTF-8)". Vinginevyo weka majina yote kwenye ukurasa mmoja wa Word, uuhifadhi kama PDF pamoja na fonti zake, kila mama asome jina lake kwenye skrini na kukubali, ndipo umtumie. Aufananishe na lebo ya kwanza itakayotoka kwenye printa kabla hajaachia zilizobaki, na akutumie picha yake. Zile zilizokwisha kuchapishwa na MÅ©thoni, mwambie azichape upya kwa gharama yake ikiwa vipimo vyako vimeonyesha kosa liko kwake. Ikiwa liko kwenu, mgawane.